Sekunde Kumi za Balozi

Kengele ilitetema kifuani mwa Balozi Nakijwa saa nne na robo asubuhi, akiwa ndani ya kizimba cha mashahidi, mbele ya majaji watatu na umati uliokuja kumtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeua. Wakili alikuwa katikati ya swali. Nakijwa akanyanyua kiganja kumnyamazisha, akakibandika kile kidude sikioni.

"Waheshimiwa Majaji, shahidi anapokea simu!" wakili alimaka.

Haikuwa simu. Kidude kilikuwa kidogo kama kiberiti, kinaning'inia shingoni kwa kamba nyeusi, na kilimwambia kwa sauti kavu: "Nyumba ya saba. Mapigo mia moja arobaini na mbili. Bastola imetolewa." Kisha zikaja sauti zenyewe kutoka kijijini, huko juu Upareni: mzee anafoka, mbuzi analia, na mwanamke anabembeleza, "Mwache baba, ni mchicha tu!" Nakijwa alimjua mzee, alimjua mwanamke, hata mbuzi alimjua, maana alishakula mchicha wa mtaa mzima. Ilipofika sekunde ya sita akabonyeza kitufe chekundu.

"Samahani, baba," alimwambia wakili. "Endelea."

Jaji Kapungu, aliyeketi katikati, akavua miwani. "Shahidi, hicho ni nini?"

"Kazi, Mheshimiwa. Kuna mtu amekasirika."

"Nani?"

"Hilo siruhusiwi kusema. Tuliapa."

"Na umemfanyaje?"

"Nimemkatalia. Akitulia, itafunguka yenyewe."

Watu wachache wakacheka, wengine wakaguna. Jaji akaandika kitu, akarudisha miwani yake.

Basi mambo yalikuwa hivi. Katiba ilipoandikwa upya, miaka kumi na miwili nyuma, Ibara ya Thelathini ilimpa kila raia mwenye akili timamu haki ya kubeba silaha hadharani ili ajilinde. Watu walishangilia wee, mpaka magari yakapiga honi usiku kucha. Mwaka haukuisha, wakaanza kupigana risasi kwenye foleni ya maji, kwenye harusi, mpaka kwenye kikao cha wazazi shuleni, ambako ugomvi ulikuwa juu ya rangi ya sweta. Bunge halikuthubutu kuigusa Katiba. Likapitisha sheria kwamba kila bunduki na kila bastola iwekwe kitasa ndani ya mpini. Kitasa husoma mapigo ya moyo na jasho la kiganja. Mapigo yakizidi mia na ishirini, silaha inajifunga, hata ukiifyatua mpaka kidole kikuume.

Ila mafundi waliokitengeneza walikiri jambo moja, tena kwa aibu. Kiganjani, hofu na hasira hazina tofauti. Jasho ni lile lile. Aliyevamiwa na anayevamia, wote kitasa huwafungia. Ikabidi atafutwe mtu wa kuamua, na nani anamjua mtu kuliko balozi wake wa nyumba kumi? Mabalozi, waliokuwa wamezoea kugonga mihuri ya barua na kusuluhisha ugomvi wa kuku, wakavishwa kengele shingoni. Unasikilizishwa sekunde kumi. Kitufe cha kijani, unamdhamini, silaha inafunguka. Chekundu, unakataa. Usipobonyeza kitu, inabaki imefungwa. Mwuaji mwenye moyo mtulivu hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Hilo nalo mafundi walilijua, lakini hawakulisema kwa sauti.

Nakijwa Mgonja, mwoka mikate, mjane wa miaka hamsini na minane, alikuwa ameivaa kengele yake miaka tisa. Alikwenda nayo kisimani, kanisani na chooni.

Wakili Tarimo, aliyekuwa akimtetea mleta maombi aliyetaka vitasa viondolewe, alikuwa Mchaga wa Rombo, mwenye sauti laini. Akasogea karibu na kizimba.

"Mama Balozi, wewe ni Mpare. Mimi na wewe ni watani, au sivyo?"

"Ndivyo, kwa bahati mbaya."

Mahakama nzima ikacheka, Tarimo naye akacheka. "Nikija kwenye msiba wenu mimi mtani, ninaruhusiwa kufanya nini?"

"Upuuzi wote. Utavaa kanga za marehemu. Utakimbia na sufuria ya wali. Utajilaza kaburini mpaka tukubembeleze utoke. Utamsema marehemu kwamba alipenda kesi kuliko kula."

"Nanyi hamkasiriki."

"Asipokuja mtani ndipo tunakasirika."

"Na nikikwambia, wewe Mpare, leo nakuua?"

"Nitacheka," alisema Nakijwa, na alipolisema tu akaelewa alikopelekwa.

Tarimo hakupandisha sauti. "Tueleze siku ya msiba wa mama yake Kajiru Mbaga."

Akaeleza. Ilikuwa saa saba mchana, yeye yuko nyuma ya turubai na wanawake wenzake, mikono imejaa unga. Watani walikuwa wamefika na magari mawili. Mmoja alishavaa gauni la marehemu, mwingine alikuwa anauza viti vya msiba kwa waombolezaji wenyewe. Kengele ikatetema. Nyumba ya tatu, Namsifu, mke wa Kajiru, ndani kwake, hatua hamsini kutoka pale jikoni. Mapigo mia moja hamsini na moja. Bastola imetolewa. Ikasikika sauti ya mwanamume: "Fungua hilo sanduku, Mpare we, la sivyo leo nakuzika na mama mkwe wako!"

"Na Namsifu alisema nini?"

"Alisema, 'We mtani, toka humu!'"

"Kwa hiyo naye alidhani ni mtani."

"Mdomo wake ulidhani hivyo. Moyo wake ulikuwa umeshajua. Mia moja hamsini na moja. Mimi niliusikiliza mdomo."

"Ukabonyeza?"

"Nyekundu."

"Baada ya hapo ukafanya nini?"

Alikuwa ameiogopa siku hii kwa sababu ya swali hili tu. "Nilicheka. Niliwaambia wenzangu, leo watani wamempata Namsifu. Tukacheka wote."

Mtu yule hakuwa mtani wa yeyote. Alikuwa mwizi aliyejichanganya na watani akiimba nao tangu barabarani, na alimpiga Namsifu kwa nyundo kwa ajili ya sanduku la vitenge. Namsifu alifia njiani, kabla ya kufika hospitali. Bastola yake waliikuta mkononi, risasi zote sita zimo.

"Sina swali zaidi," alisema Tarimo, na kusema kweli hakuhitaji.

*

Mapumziko yalikuwa ya nusu saa. Wakili wa Serikali, Mwanaidi Lukindo, alimvuta Nakijwa mpaka mwisho wa varanda, karibu na dirisha ambako watu hukabidhi silaha zao kabla ya kuingia. Maana mahakama yenyewe, iliyokaa kuamua haki ya kubeba silaha kila mahali, haikuruhusu silaha ivuke mlango wake. Hilo nalo lilikuwa na utamu wake.

"Mama, wametumaliza," Lukindo alisema. "Kitasa kikiondolewa, tunarudi kule kule kwenye foleni za maji. Nipe mtu mmoja aliye hai leo kwa sababu ulibonyeza nyekundu. Mmoja tu, mwenye jina."

"Nimekataa mara arobaini na moja. Hesabu mnayo."

"Hesabu haina sura. Majaji wamemwona Namsifu kwenye picha." Akafungua kishikwambi chake, akapitisha kidole. "Hii hapa. Mwezi wa pili, mwaka juzi. Jina limefichwa. Kifyatulio kimevutwa mara tatu. Mara tatu, mama! Huyu hakuwa anatishia. Ni nani?"

Nakijwa akaichomeka kengele ndani ya blauzi.

"Kiapo chako mahakama inaweza kukuvua," Lukindo aliendelea, "lakini mpaka wewe mwenyewe ukubali. Fikiria. Ni jina moja tu, basi."

Hakuhitaji kufikiria. Siku ile ilikuwa ya ukame, na watu walikuwa wakigombea zamu kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya tangawizi. Kengele ilipotetema hakusikia tusi wala ukelele. Alisikia maji yakitiririka kwenye mfereji, jembe likichimba tope, na mtu akipumua. Nyumba ya tatu, Kajiru. Sasa Kajiru ni mtu wa kupayuka, hata akikosa chumvi mtaa mzima unajua. Kajiru kunyamaza lilikuwa jambo jipya kabisa, nalo ndilo lililomtisha Nakijwa. Akabonyeza nyekundu kwenye sekunde ya pili. Kengele ikasema: Kifyatulio kimevutwa. Kifyatulio kimevutwa. Kifyatulio kimevutwa. Aliyekuwa na jembe, Nakijwa alikuja kujua baadaye, ni Heriel, kaka yake Kajiru wa tumbo moja, ameinama kuzibua mfereji kabla ya zamu yake, amempa mdogo wake mgongo. Hakugeuka. Hakujua lolote, na hadi leo hajui. Kesho yake Kajiru alikuja kununua mkate kama kawaida. Nakijwa akamfungia kwenye gazeti, wala hakuna aliyefungua mdomo.

Na huyo Kajiru ndiye mleta maombi. Ndiye mume wa Namsifu.

Lukindo alipoondoka, Nakijwa alimkuta Kajiru amesimama mbele yake na vikombe viwili vya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kajiru." Tangu kesi ianze hajawahi kuacha kumsalimu. Angemtukana, Nakijwa angepumua.

"Wamekuuliza habari zangu?"

"Wameuliza habari za mtu."

"Utasema?"

"Wewe ungependa niseme?"

Kajiru akatazama upande wa pili wa uwanja. Heriel alikuwa amekaa kwenye benchi, amepakata faili la kesi la mdogo wake, anamenya chungwa. Tangu msiba wa Namsifu, Heriel ndiye aliyekuwa akimpikia Kajiru, akimfulia, akimlazimisha kulala.

"Nilivuta kwa sababu nilijua imefungwa," Kajiru alisema polepole. "Kila mtu huvuta akijua imefungwa, mama. Ni kama kupiga meza kwa ngumi. Kitasa ndicho kimetufundisha kuvuta."

"Mara tatu?"

Akamkabidhi kikombe kimoja. "Basi sijui. Na ndilo linalonila. Sitajua maisha yangu yote kama ningejizuia mwenyewe. Ulijibu kwa niaba yangu. Halafu ukajibu kwa niaba ya Namsifu."

Hasira zikampanda Nakijwa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kwa hiyo ningemwacha Heriel afe ili wewe ujijue?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Ungekuwa wewe, ungetaka nini? Mke wangu alikuwa na silaha mkononi, ana haki iliyoandikwa kwenye Katiba, akafa akisubiri wewe umalize kucheka." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma bei ya sukari, na hapo ndipo lilipochoma. "Kunywa chai, inapoa."

Akaenda zake kukaa na kaka yake. Heriel akampa nusu ya chungwa.

*

"Shahidi," Lukindo alianza waliporudi, "katika kumbukumbu za kengele yako kuna tukio ambalo kifyatulio kilivutwa mara tatu. Je, aliyekuwa mbele ya silaha hiyo yu hai?"

"Yu hai."

"Anaishi vizuri?"

"Ana afya. Ana wajukuu wawili."

"Kwa hiari yako mwenyewe, uko tayari kuiambia mahakama ni nani aliyevuta?"

Tarimo akasimama kupinga. Jaji Kapungu akamwashiria akae. "Mama," jaji alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "tunataka kuelewa kitasa kinafanya nini kwa watu halisi. Ukikubali, kiapo chako tutakivua hapa hapa. Huna kosa ukitaja. Huna kosa usipotaja. Lakini tutaamua kwa tulichosikia, si kwa ulichonacho moyoni."

Nakijwa aliwaona wote wawili, mstari wa pili kulia. Kajiru alikuwa amekaa wima, macho yake yako kwa Nakijwa tu, hayaombi wala hayatishi. Heriel naye alikuwa anampangusa mdogo wake begani vumbi la chokaa alilopata alipoegemea ukuta. Alilipangusa kwa kiganja, taratibu, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda kanisani.

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angelitaja, kitasa kingebaki. Aliwaza zile nyumba kumi, yule mzee wa mbuzi, yule mwalimu anayewanyooshea wakwe zake bastola kila Krismasi. Aliwajua wale ambao mwezi usingeisha kabla hawajaua au kuuawa. Akawaza pia kwamba ushahidi wake mkubwa dhidi ya Kajiru aliupata kwa sababu Kajiru alikubali asikilizwe na mtu atakayenyamaza. Na huyo mtu alikuwa amekwisha kumwulia mke. Amnyang'anye na kaka?

"Sitataja," alisema.

"Mama, unaelewa kwamba ukinyamaza watu watakufa?" Sauti ya Lukindo ilipasuka.

"Ninaelewa, binti yangu. Ninaelewa kuliko wewe. Mimi nawajua kwa majina."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nilishamkosea mtu wa nyumba zangu mara moja, na ninyi nyote mmesikia nilivyomkosea. Sitaki kumkosea wa pili hata kwa jambo la heri." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Niandikieni vyovyote mtakavyoniandikia."

*

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Majaji wawili walikubaliana, mmoja akapinga. Walisema haki inayongoja idhini ya jirani imekwisha kuwa fadhila, na Katiba haikuwapa raia fadhila. Jaji aliyepinga aliandika kurasa arobaini juu ya haki ya kuishi ya wale wanaosimama mbele ya bunduki, na redio ikazisoma kwa sentensi mbili. Nakijwa alikuwa anakanda unga. Ijumaa saa sita mchana vitasa vyote nchini vilifunguliwa kwa mkupuo, na kengele ikasema kifuani mwake: "Huduma imefungwa. Asante kwa kulitumikia taifa." Akaivua. Shingo ilibaki na alama ya kamba, na siku za kwanza alikuwa akijishika kifua kila mlango unapogongwa.

Wiki ya pili mwalimu alimpiga risasi ya paja shemeji yake. Wiki ya tatu, dada mmoja wa nyumba ya tisa alivamiwa na watu wawili karibu na mashine ya kusaga, akafyatua hewani, wakatimka, akarudi nyumbani mzima. Nakijwa alienda kuwaona wote wawili. Kwa mwalimu alikaa kimya. Kwa yule dada alipika chai, akamshika mkono, akalia mpaka mwenyeji wake ndiye akawa anambembeleza.

Kisha ukame ukaja tena.

Kajiru alibisha hodi saa kumi jioni, mikate ikiwa ndani ya tanuri. Hakuingia. Alisimama mlangoni, jasho linamtiririka, shati limemganda mgongoni, mkononi ana kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Heriel yuko kwangu. Amekuja kwa ajili ya zamu ya maji. Alifungua ndiva jana bila kuniambia, tangawizi yangu yote imekauka upande wa chini. Nikamwuliza, akasema kama Namsifu angekuwepo ningekuwa na akili." Akavuta pumzi. "Amekaa sebuleni. Nimemwambia naenda kununua mkate."

Nakijwa alikitazama kitambaa. Aliujua uzito wa kitu kile kwa jinsi kilivyouvuta mkono wa Kajiru.

"Nitunzie," Kajiru alisema.

"Kajiru, mimi si balozi wa kengele tena. Umenishtaki ukashinda. Hiyo ni haki yako, ibebe."

"Najua ni haki yangu. Nimeipigania mimi mwenyewe, na ningeipigania tena kesho." Akakinyoosha. "Nitunzie, mama. Tafadhali."

Hakuna mashine iliyomwambia mapigo ya moyo wa mtu yule, wala hakuna aliyempa sekunde kumi. Alikuwa na macho yake tu. Alimwona mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa miguu, akapita nyumba nne na silaha iliyo wazi mkononi, na aliyemkasirisha amemwacha nyuma, mzima, ameketi kwenye kiti.

"Umejizuia mwenyewe," Nakijwa alimwambia. "Ulitaka kujua. Sasa umejua."

Kajiru akatikisa kichwa.

"Leo," alisema. "Kesho sijui."

Nakijwa akajifuta unga kwenye kanga, akakipokea kile kitambaa kwa mikono yote miwili. Halafu akaingia ndani, akatoa mkate mmoja tanurini, wa moto, akamfungia kwenye gazeti.

"Haya, rudi," alisema. "Umemwacha mgeni peke yake."